Jahazi la Sun Yat-sen: sarafu ya majaribio ya mwaka wa 1929

Sarafu ya majaribio ni ile ambayo kiwanda huipiga kwa idadi ndogo sana kabla serikali haijaamua kuikubali au kuikataa. Hupigwa ili wakubwa waishike mkononi, waipime uzito na kuutazama uso uliochongwa juu yake; haipigwi ili inunue chumvi sokoni. Kwa hiyo ni adimu. Tena humfaa mtafiti wa historia, kwani humwonyesha jinsi dola ilivyotaka kujitambulisha, hata pale ambapo raia hawakuiona kamwe.

Mfano ulio bayana ni wa China. Sun Yat-sen, aliyezaliwa mwaka wa 1866 katika kijiji cha Cuiheng, jimbo la Guangdong, alishika urais wa muda wa Jamhuri tarehe 1 Januari 1912, lakini baada ya majuma machache alimwachia nafasi hiyo jemadari Yuan Shikai. Yuan akaweka kichwa chake kwenye sarafu ya fedha ya mwaka wa 1914. Mwishoni mwa mwaka wa 1915 akajitwalia ufalme, akafa Juni 1916. Mtu alipita, sarafu ikabaki. Wachina waliiita Yuan Datou, yaani Yuan Kichwa-kikubwa, nao waliipokea kwa imani kwa kuwa fedha yake ilikuwa thabiti. Sarafu zenye uso wa Sun zilikuwapo pia, zikaitwa Xiaotou, Kichwa-kidogo. Lakini yule aliyeisaliti Jamhuri ndiye aliyeendelea kupita mikononi mwa watu kila siku.

Serikali ya Nanjing, iliyoundwa mwaka wa 1927 na wafuasi wa Sun, haikuweza kulivumilia jambo hilo. Mwaka wa 1929 mwili wa mwasisi, aliyefariki Beijing mwaka wa 1925, ulihamishiwa kaburi kubwa la Nanjing; na mwaka huo huo viwanda vya Italia, Uingereza, Austria, Marekani na Japani viliombwa kutengeneza mihuri ya sarafu mpya: upande mmoja uso wa Sun, upande wa pili jahazi la Kichina likienda tanga. Katika ile ya Italia mchongaji alitia jina lake, A. Motti. Inastaajabisha kidogo kwamba chama kilichojinadi kuikomboa nchi na wageni kiliwaendea wageni hao hao ili wamchonge kiongozi wake. Hata hivyo, hakuna hata moja ya sarafu hizo iliyofika sokoni.

Jahazi lenyewe halikuzama. Lilirudi katika sarafu ya mwaka wa 1932, safari hii likiwa na jua linalochomoza na ndege watatu angani. Hapo ndipo picha ilipowageuka waliochora. Japani ilikuwa imeivamia Manchuria Septemba 1931 na kuishambulia Shanghai Januari 1932. Inasimuliwa kwamba watu waliona katika jua hilo bendera ya Japani, na katika ndege hao eropleni zake za vita. Walioichora waweza kutetewa, maana jua lilikuwa pia alama ya chama cha Sun mwenyewe. Lakini mtu ambaye nyumba yake imepigwa bomu hasomi picha kwa kufuata nia ya mchoraji. Sarafu hiyo iliondolewa, nayo leo hutafutwa sana. Zile za mwaka wa 1933 na 1934 zina jahazi tu, bila jua wala ndege.

Sheria ya mwaka wa 1933 iliipa sarafu hiyo uzito wa gramu 26.6971, fedha ikiwa asilimia 88, na kiwanda cha Shanghai kikaanza kuipiga. Watu wakaiita Chuanyang, sarafu ya jahazi. Msomaji wa Kiswahili, ambaye neno lake «fedha» ni madini na ni mali pia, atafahamu upesi uzito wa hatua ya Novemba 1935, China ilipoiacha fedha na kushika noti.

Mwaka wa 1949 viwanda vya Marekani viliipiga tena sarafu ya jahazi, vikibakiza juu yake tarehe ya zamani: mwaka wa 23 wa Jamhuri, yaani 1934. Zile za majaribio za mwaka wa 1929 huandikwa mwaka wa 18.