Lehemu Haina Dalili, Ina Kipimo

Chupa nyingi za mafuta ya kupikia zimeandikwa kwamba hazina lehemu (kolesteroli). Ni kweli, lakini maneno hayo hayamsaidii sana mnunuzi, kwa sababu mafuta ya mimea kwa kawaida hayana lehemu. Sehemu kubwa ya lehemu iliyomo katika damu hutengenezwa na ini, na mwili huihitaji ili kujenga utando wa seli, homoni na nyongo. Jambo la kuuliza ni aina ya mafuta yenyewe. Mafuta yenye tabia ya kuganda, yawe ya mnyama au ya mmea, hulifanya ini liwe zito kuondoa lehemu katika damu.

Lehemu haiyeyuki katika damu. Husafirishwa kama shehena ndani ya chembe ndogo za mafuta na protini. Chembe ziitwazo LDL zikizidi, hupenya kwenye kuta za mishipa na kuacha lehemu humo. Miaka inapopita, uvimbe hukua ndani ya ukuta. Uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba. Hapo ndipo mtu hupata mshtuko wa moyo, au kiharusi ikiwa mshipa ni wa ubongo. Chembe za HDL husaidia kuirudisha lehemu kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta mengine ya damu, na hupanda hasa kwa sukari nyingi, pombe na unene.

Haya yalijulikana hatua kwa hatua. Kuanzia mwaka 1948, watu 5,209 wa mji wa Framingham, Marekani, walianza kupimwa na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Ilionekana kwamba wenye lehemu nyingi waliugua moyo zaidi. Baadaye familia zinazorithi lehemu ya juu mno, ambamo hata mtoto anaweza kupata mshtuko wa moyo, zilionyesha kwamba LDL yenyewe ni chanzo. Kisha zikaja dawa za kushusha LDL ziitwazo statini, ambazo za mwanzo zilitokana na kuvu. Majaribio makubwa yalithibitisha kwamba LDL ikishuka kwa milimoli 1 katika kila lita ya damu, mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano. Dawa za kupandisha HDL, kwa upande wake, hazikuleta kinga iliyotarajiwa. Kwa hiyo HDL nyingi haimpi mtu ruhusa ya kupuuza LDL.

Kwetu, habari hii inaanzia jikoni. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda, na ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Ya alizeti ni kiasi kidogo tu. Mama hana haja ya kuliacha tui la nazi kabisa. Mafuta ya kila siku yakiwa ya alizeti, tayari amepiga hatua. Mkulima ana maharage, kunde na mbogamboga, na nyuzinyuzi za maharage husaidia kushusha LDL. Mvuvi ana vibua, samaki wenye mafuta yanayofaa kuliko ya nyama iliyonona. Mwanafunzi naye ajue kwamba michirizi ya mafuta imeshakutwa katika mishipa ya vijana wa miaka ya ishirini.

Tahadhari ni muhimu. Wembamba si kinga, na lehemu iliyozidi kwa kawaida haiumi. Chai au unga unaotangazwa kuwa unasafisha mishipa usichukue nafasi ya dawa. Statini hutolewa kwa ushauri wa daktari, na mjamzito amweleze hali yake mapema. Pia lehemu si chanzo pekee cha ugonjwa wa moyo: presha, kisukari na sigara huongeza hatari, na kuzidhibiti ni sehemu ya kazi hiyohiyo ya kuulinda moyo.

Basi ukienda kupima presha, uliza pia kuhusu kipimo cha mafuta ya damu, hasa ukiwa umevuka miaka 40, una kisukari, au una ndugu aliyepata mshtuko wa moyo mapema. Ugonjwa huu wa mishipa hujengeka kwa miongo, na ndiyo maana kuuwahi kunawezekana.