Usifiche maji kupwa: Kunadi nyumba ya likizo Pwani bila kudanganya

NA MWANDISHI WETU

MANENO manne tu yalimfanya mwandishi wa makala haya atume arubuni ya nyumba ya likizo katika eneo la Kwale, Desemba moja miaka kadhaa iliyopita: 'dakika tano kutoka baharini'.

Dakika hizo zilikuwa za kweli, ila kwa gari. Kwa miguu ilikuwa karibu nusu saa, kwa sababu mbele kulikuwa na kuta za hoteli na kijia cha kuteremkia ufuoni kilikuwa mbali. Watoto walichoka kabla hawajaiona bahari. Na familia ilipofika hatimaye, maji yalikuwa yamekupwa, mawe na majani yako wazi, na pa kuogelea hapakuwepo mpaka jioni.

Cha kusikitisha ni kwamba nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa ndani ya shamba la minazi, ina baraza pana lenye upepo, na mpishi aliyejua samaki wa kupaka. Hayo yote hayakutajwa popote katika tangazo. Kama ingenadiwa kama nyumba ya shambani, ingelipiwa bila kinyongo. Ilinadiwa kama nyumba ya ufuoni, na familia ile haijarudi huko hadi leo.

Kuna wakulima wa minazi, miembe na mikorosho, kuanzia Msambweni hadi Malindi, ambao wamejenga nyumba ya wageni pembeni mwa shamba ili kuongeza mapato. Wengine wamekopa. Mkopo haungoji Krismasi. Hudai malipo hata mwezi Mei wakati mvua inanyesha na wageni wametoweka. Kwa mtu kama huyu, tangazo si pambo. Ndilo duka lake.

Tofauti yake na muuza maembe wa soko la Kongowea ni moja. Pale Kongowea mnunuzi hulibonyeza embe, akalinusa, akaligeuza, ndipo atoe pesa. Mgeni wa likizo hulipa kabla ya kugusa chochote. Ananunua maneno na picha.

Tuseme nyumba inakodishwa Sh8,000 kwa usiku, na mgeni ameweka nafasi ya siku saba za Krismasi. Akifika akaona amedanganywa, akalala siku mbili na kuondoka akidai pesa zake, mwenye nyumba amepoteza Sh40,000. Wakati huo aliokuwa amewaambia nyumba imejaa wamekwisha kwenda kwingine. Kisha huja maoni ya mgeni kwenye simu, ambayo kila atakayeitafuta nyumba hiyo atayasoma. Airbnb, kwa mfano, humwuliza mgeni moja kwa moja iwapo nyumba ililingana na maelezo yake.

Kwa wanaokodisha karibu na bahari, jambo linalofichwa zaidi ni maji kupwa. Mzaliwa wa Pwani haoni haja ya kulieleza, maana amelijua tangu utotoni. Lakini mgeni kutoka Nakuru hajui. Wala hajui Mwitaliano anayekuja Watamu au Malindi, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo sana. Anapoona picha ya maji ya samawati yaliyofika kwenye minazi, anadhani hukaa hivyo kutwa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Ndiyo maana saa za maji husogea mbele kwa karibu saa nzima kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huko Mombasa inaweza kukaribia mita nne. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na mgeni anaweza hata asitambue.

Kwa hivyo mwenye nyumba anaweza kufanya jambo rahisi ambalo wengi hawalifanyi. Mgeni akiuliza kuhusu tarehe fulani, atumiwe saa za maji kujaa za siku hizo. Halmashauri ya Bandari huchapisha majedwali ya maji, na mvuvi wa jirani anazijua saa hizo bila jedwali. Mgeni aliyeambiwa kwamba Jumanne ataogelea kuanzia saa nne asubuhi hatalalamika akikuta mchanga mtupu alasiri. Atakuwa amepanga kulala.

Na maji kupwa yana wateja wake. Kuna wazazi wenye watoto wadogo wanaotaka vidimbwi vyenye kiti cha pweza na samaki wadogo, ambavyo havionekani maji yakijaa. Anachohitaji mgeni huyo ni kuambiwa aje na viatu vya mpira kwa sababu ya miiba, na asikanyage matumbawe.

Malindi ina jambo lake. Mvua kubwa ikinyesha bara, Mto Sabaki huleta udongo hadi baharini na maji ya ghuba yakawa mekundu. (Mkulima wa bara anayelalamika kwamba rutuba yake imekwenda asishangae kuikuta huku.) Anayetangaza nyumba Malindi kwa picha ya maji ya buluu iliyopigwa kwingine anajitafutia ugomvi usio na sababu, ilhali mji huo una historia, vyakula na masoko ya kutosha kumpendeza mgeni.

Hebu tuangalie tangazo la aina inayopatikana kila mahali:

'Nyumba ya kifahari mbele ya bahari. Mandhari ya kupendeza. Utulivu kamili. Karibu na kila kitu.'

Hakuna neno hapo ambalo mgeni anaweza kulishika. 'Kifahari' kwa nani? 'Karibu' ni hatua ngapi? Sasa tuchukue nyumba ile ya Kwale na kuitangaza upya:

'Vyumba vitatu vya kulala, watu sita, ndani ya shamba la minazi na miembe. Ufuoni ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu au dakika tano kwa tuktuk. Tutakupa nambari ya dereva. Maji yakipwa hakuna kuogelea, hivyo kabla hujalipa tutakutumia saa za maji kujaa za siku zako. Maji ya bomba yana chumvi kidogo. Ya kunywa tunaleta kwa mitungi. Stima ikipotea, taa na feni zinatumia sola, friji haitumii. Tumbili huiba matunda, kwa hivyo funga dirisha la jikoni. Jioni upepo hupita barazani, na madafu ya shambani ni bure.'

Tangazo hili ni refu kidogo, lakini kila kasoro imeandamana na saa yake au dawa yake. Na madafu yale ya mwisho yatamleta mgeni kuliko 'kifahari' mia moja.

Wapo watakaosema simu zitapungua. Ni kweli, zitapungua. Anayetaka kuamka na kukanyaga mchanga hatapiga, na huyo ndiye ambaye angeondoka siku ya pili. Atakayepiga amekwisha kubali mwendo wa dakika 25 na maji ya chumvi, na kazi iliyobaki ni kumpikia vizuri.

Hata hivyo, ukweli una kipimo. Si lazima kuorodhesha kila mjusi aliye ukutani. Kinachofaa kutajwa ni kile ambacho kingemfanya mgeni asilipe, au afungashe mzigo wake tofauti: ngazi kali kwa mzee, ujenzi kwa jirani, disko la Jumamosi, adhana ya alfajiri iliyo karibu, barabara ya udongo isiyopitika kwa gari dogo mvua ikinyesha.

Umbali upimwe kwa miguu, mtu akishika saa, tena akiwa na mtoto mkononi. Mgeni anayetoka Mombasa kwenda Diani aelezwe pia kuhusu foleni za feri ya Likoni, na kwamba mwenye gari anaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu.

Picha nazo zipigwe nyumbani humo, mchana, madirisha yakiwa wazi. Weka moja ya bahari ikiwa imejaa na moja ikiwa imekupwa. Piga choo na bafu, maana hapo ndipo mgeni hutazama kwanza asipoambiwa. Kidimbwi cha kuogelea cha jirani kisiingie pichani.

Sheria pia inahusika. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma, na kinaitaka Bunge kutunga sheria kuhusu matangazo ya haki na ya kweli. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Nyumba za wageni za aina hii zinahitaji pia leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na ni vyema kuipata kabla ya kutangaza.

Mgeni anapoondoka, aulizwe swali moja: ni kitu gani alichokikuta ambacho hakukitarajia? Akisema jogoo wa jirani huwika saa tisa usiku, jogoo huyo aingie katika tangazo jioni hiyo hiyo. Akisema hakutarajia nyota nyingi vile barazani stima ilipopotea, nazo ziingie.