Kushusha Boti ya Tanga Ziwani na Kuipandisha Tena kwa Trela

Watu wa Kiptere ni watu wa majani chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mtu anaweza kutuuliza boti zinatuhusu nini. Lakini kutoka Kiptere mpaka Sondu ni kuteremka tu, na ukipita Sondu na Katito si mbali tena mpaka Ghuba ya Winam. Samaki tunaonunua sokoni Sondu wanatoka huko. Ndiyo maana swali hili linazuka katika vikundi: tukinunua boti ndogo ya tanga pamoja na trela yake, tuwe tunaishusha ziwani na kuirudisha nyumbani, itatufaa? Hatutaki kusema ndiyo au hapana kabla hamjaelewa kazi yenyewe. Mchango wa mwaka mzima unaweza kuharibika pale ufukoni, kabla tanga halijapata upepo, na mtu akavunjika mguu juu yake.

Trela ina faida yake. Boti haibaki ufukoni usiku ikilindwa na mtu msiyemjua. Magugu maji, ambayo yamesumbua Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990, yakiziba ufuo mmoja, mnakwenda ufuo mwingine. Na mwaka 2020 ziwa lilipojaa kupita kiasi, fuo nyingi zilimezwa na maji. Mwenye trela angeweza kuhamisha mali yake mapema. Hata hivyo kila ufuo una wenyewe. Tangu kanuni za mwaka 2007, fuo za wavuvi zina kamati zake, na kabla ya kushusha chochote majini mtapita kwa kamati, muonyeshe boti imeandikishwa, na kama ni ya kuvua, ina leseni. Msiende kama wageni wasiobisha hodi.

Sasa safari. Uzito wa boti na trela usikae wote nyuma. Kama vyote pamoja ni kilo 500, karibu kilo 50 ziwe zinalalia kiungo cha mbele pale gari linapokokota. Kama nyuma ni nzito, trela itayumba barabarani, na huo mteremko wa kwenda Sondu si mahali pa kujifunza. Shukeni kwa gia ndogo, breki mziguse kwa vipindi, msizikanyage njia yote. Mlingoti ulazwe na kufungwa, tanga likunjwe, na kitambaa chekundu kifungwe kwa kile kinachochomoza nyuma.

Mkifika, msikimbilie maji. Hapa ndipo wengi hawajui. Magurudumu ya trela yakitoka mteremkoni huwa yamepata moto, hata ukigusa kati ya gurudumu unachomeka. Ukiyatumbukiza hivyo katika maji baridi, hewa iliyo ndani hujikunja ghafla na kufyonza maji mpaka kwenye beringi. Grisi inaharibika, kutu inaingia, na siku moja gurudumu linakwama au linachomoka barabarani. Basi pumzikeni nusu saa, mnywe chai. Waya wa taa za trela uchomolewe pia, kwa sababu balbu ya moto ikiguswa na maji baridi hupasuka.

Nusu hiyo ndiyo ya kutayarisha boti, kwenye tambarare, mbali kidogo na maji. Kizibo cha chini kiwekwe. (Ni kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, lakini kikisahaulika boti hujaa maji mkitazama.) Ubao wa katikati uinuliwe, usukani wa boti uinuliwe au ubaki ndani, jaketi za kuokolea maisha zivaliwe na si kukaliwa. Kamba mbili ndefu zifungwe, moja mbele na moja nyuma. Kisha mlingoti usimamishwe, na hapa tafadhali inueni macho kwanza. Angalieni nyaya za stima pale mlipo na njia yote mpaka kwenye maji. Boti nyingi za kisasa zina mlingoti wa alumini, na ukigusa waya, au hata ukiukaribia sana kama ni ule wa stima kali, aliyeshika boti hafiki hospitali. Mlingoti wa mti nao ukilowa si salama. Kama waya umevuka njia, tafuteni njia nyingine, au simamisheni mlingoti mkiwa mmeshaupita.

Kurudisha trela nyuma kunawashinda madereva wazuri wa matatu. Ukipinda usukani wa gari kulia, trela inakwenda kushoto. Waulizeni wale wa trekta za majani chai, wao wanafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Njia rahisi ni kushika usukani chini kabisa: unapotaka trela iende, peleka mkono upande huo huo. Pole pole, na ikianza kujikunja, usibishane nayo. Songa mbele, inyooke, anza upya. Hakuna aibu. Trela fupi ni tundu zaidi kuliko ndefu. Jizoezeni shuleni au uwanja wa soko siku isiyo ya soko, mkiwa mmepanga mawe mawili kama mlango.

Mtu mmoja tu atoe amri. Sisi Wakenya tumezoea harambee, kila mtu anavuta na kila mtu anapiga kelele, lakini kwenye mteremko wa boti kelele kumi ni sawa na hakuna. Mwengine ashike kamba za boti, na mwengine awe na kabari au jiwe kubwa tayari nyuma ya tairi la gari. Asisimame mtu yeyote nyuma ya boti, wala kati ya boti na gari, wala karibu na kamba ya winchi ikiwa imekazwa. Kamba hiyo ikikatika inarudi kama kiboko cha mchungaji.

Mikanda ya nyuma ifunguliwe, lakini ule wa winchi mbele ubaki mpaka boti iko majini kabisa. Kwenye mteremko mkali, anayeufungua mapema ataona boti inateleza peke yake na kuanguka juu ya simiti. Rudini nyuma mpaka magurudumu ya trela yakaribie kufunikwa na nyuma ya boti ianze kuelea. Simama, vuta breki ya mkono, tia gia, weka kabari. Sasa fungueni winchi, sukumeni kidogo, na mwenye kamba aiongoze boti pembeni. Gari litoke mara moja, wengine wanangoja.

Fuo nyingi za upande wetu hazina simiti. Ni mchanga, mawe au matope. Hapo gari libaki kwenye udongo mgumu, trela ifunguliwe na kushushwa kwa kamba ndefu na nguvu, juu ya mbao zilizotandikwa. Au achaneni na trela, mfanye kama watu wa pwani tangu zamani: chombo kinabiringishwa juu ya magogo, lile la nyuma likiachwa linahamishiwa mbele. Wao huita kushua chombo. Kwa boti ya kilo mia mbili na watu wanane, sisi tungechagua magogo.

Kupandisha ndiyo kazi ngumu zaidi, na sababu ni upepo. Ziwani asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, hivyo kushusha ni raha. Mchana hugeuka, unatoka ziwani ukileta mawimbi ufukoni. Alasiri yale mawingu tunayoyajua Kericho, yenye mvua ya mawe na radi, huteremka kutoka milimani kwetu kuelekea ziwa. Kwa hiyo rudini mapema. Msiingie na tanga limejaa. Lishusheni mkiwa bado mbali kidogo na ufuo, inueni ubao na usukani, mje kwa kasia. Trela isizamishwe sana, kwa sababu ikizama sana boti huelea ikakaa upande, na mkiivuta nje inaegemea. Mbele ya boti iguse kituo chake, mkanda wa winchi ufungwe, ndipo gari livute pole pole mpaka tambarare. Hapo simameni mfunge kila kitu, toeni kizibo maji yatoke, lazeni mlingoti mkiangalia stima tena, na mbandueni kila jani la gugu maji msije mkalipeleka bwawa la mtu.

Aliyesimama majini anaweza kupata kichocho, ambacho kiko katika maji ya kandokando ya ghuba hii. Kaeni majini muda mfupi, mjikaushe kwa taulo mara moja, na wanaokwenda kila wiki waulize dawa kwenye zahanati. Viboko nao hupenda maji hayo hayo ya kina kifupi, hasa jioni, na wenyeji wa ufuo ndio wanaojua walipo.

Kabla ya kupanda kurudi Kiptere, simamisheni gari Sondu, mguse kati ya kila gurudumu la trela kwa mkono. Moja likiwa na moto kuliko mwenzake, beringi yake inakufa. Msiendelee usiku na gurudumu hilo. Grisi mpya iwekwe kila baada ya safari chache, na gharama yake iandikwe na mweka hazina katika hesabu ya boti tangu siku ya kwanza, pamoja na petroli ya gari na ada ya ufuo.