Michezo ya telefone yenye majina ya filme: mlango ni bure, bei iko ndani

Tarehe 25 Aprili 2018, mchezo Harry Potter: Hogwarts Mystery ulitolewa kwa telefone za Android na iPhone. Kuupakua hakukuwa na bei. Mchezaji anaingia kama mwanafunzi mpya katika shule ya wachawi ambayo mamilioni ya watu waliiona katika filme, na miongoni mwa sauti zinazomkaribisha kuna za Maggie Smith na Michael Gambon, waliocheza kama walimu katika filme hizo. Lakini katika mwaka wake wa kwanza wa masomo, mwanafunzi huyo ananaswa na mmea unaonyonga watu. Ili ajitoe, mchezaji anapaswa kugusa kioo cha telefone mara nyingi, na kila mguso unakula kile ambacho mchezo unaita «nguvu». Nguvu zinaisha mtoto akiwa bado amekabwa shingo. Hapo mchezo unatoa njia mbili: kungoja nguvu zirudi kidogo kidogo, ao kulipa.

Waandishi wa habari za michezo ya video huko Uingereza na Marekani waliukosoa sana mpango huo. Kampuni Jam City ya Los Angeles, iliyotengeneza mchezo kwa ruhusa ya Warner Bros., haikuwa ya kwanza kufanya hivyo. Ilifuata njia iliyokuwa imepigwa kwa miaka karibu 10. Kwa mzazi anayempa mtoto telefone yake jioni, ni vizuri kuijua njia hiyo tangu mwanzo wake.

Wakati wa kaseti

Kuuza mchezo kwa kutumia jina la filme ni biashara ya zamani. Mwaka wa 1982, kampuni Atari ya Marekani ilinunua haki ya kutengeneza mchezo wa filme E.T. ya Steven Spielberg. Kusudi uwe tayari kwa Noeli, mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa majuma 5 hivi tu. Watu waliununua kwa sababu walikuwa wameipenda filme, kisha wengi wakaukataa. Mwaka wa 1983, Atari ilizika bidhaa zake katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Mwezi wa Aprili 2014 jalala hilo lilichimbuliwa, na kaseti za E.T. zikapatikana humo.

Wakati ule mtu alilipa mara moja, dukani, akarudi nyumbani na kitu mkononi. Mchezo ukiwa mbaya, hasara kubwa ilikuwa ya kampuni. Na kaseti ya mwaka wa 1982 bado inaweza kuchezwa leo na mtu yeyote aliye na mashine yake, hata kama kampuni iliyoiuza imebadilisha wenyewe mara nyingi.

Facebook yageuza biashara

Mambo yalibadilika watu walipoanza kucheza ndani ya mitandao ya kijamii. Mchezo FarmVille wa kampuni Zynga, uliotoka kwenye Facebook mwaka wa 2009, ulionyesha kwamba mtu asiyenunua kaseti hata moja anaweza kucheza kila siku. Kuingia ni bure. Shamba linachukua saa nyingi kukomaa, marafiki wanaombwa zawadi, na asiyetaka kungoja anatoa feza.

Wenye filme waliona soko hilo haraka. Mwezi wa Julai 2010, kampuni Disney ilikubali kununua Playdom, kampuni ya michezo ya Facebook, kwa dola milioni 563, pamoja na nyongeza ya hadi milioni 200 kama Playdom ingefikia malengo yake. Mwezi wa Machi 2012 Playdom ilitoa Marvel: Avengers Alliance, majuma machache kabla filme The Avengers kuingia katika kumbi za sinema. Mchezaji alikusanya mashujaa wa Marvel na kupigana kwa zamu. Kila pigano lilikula nguvu. Kulikuwa na feza za aina mbili: za kupata kwa kucheza, na dhahabu, ambayo njia ya haraka ya kuipata ilikuwa kuinunua kwa dola za kweli.

Feza hizo za aina mbili zina kazi yake. Mtu anaponunua sarafu ao vito vya mchezo, hesabu ya dola inapotea machoni. Shujaa anauzwa kwa vito kadhaa, vito vinauzwa kwa mafungu, na mara nyingi fungu halilingani na bei ya shujaa. Vinabaki vichache visivyotosha kitu, na mtu anavutwa kununua fungu lingine.

Jina la filme linafanya kazi gani

Telefone zenye kioo cha kugusa zilipoenea, mpango huohuo ulihamia huko. Kampuni Gameloft ya Ufaransa ilitoa Minion Rush mwezi wa Juni 2013, majuma machache kabla ya Despicable Me 2 kuonyeshwa Marekani. Kampuni Kabam ilitoa Marvel Contest of Champions mwezi wa Desemba 2014. Electronic Arts ikaleta Star Wars: Galaxy of Heroes mwezi wa Novemba 2015, mwezi mmoja kabla ya filme mpya ya Star Wars.

Katika duka la Google ao la Apple kuna michezo mingi mno, na kumfanya mtu aone mmoja tu kunagharimu sana. Jina la filme linapunguza gharama hiyo. Mtoto anayemjua Spider-Man hahitaji kuelezwa kwa nini amtafute. Ndiyo sababu kampuni ya mchezo inakubali kumlipa mwenye filme sehemu ya mapato. Duka nalo linachukua hadi asilimia 30 ya feza zinazolipwa ndani ya mchezo. Kwa hiyo bei ya vito vile inapaswa kushibisha watu watatu: mtengenezaji, mwenye filme na mwenye duka.

Filme pia inaleta kalenda. Shujaa mpya akitokea kwenye sinema, anatokea na katika mchezo, mara nyingi kwa muda mfupi ao kwa bei ya juu. Katika Galaxy of Heroes mchezaji anakusanya vipande vya mhusika mpaka vitoshe kumfungua. Katika Contest of Champions anafungua kristali bila kujua shujaa gani atatoka ndani. Anayetafuta shujaa mmoja anaweza kufungua kristali nyingi na kupata wengine tu.

Wengi kati ya wachezaji hawalipi hata senti moja. Wanangoja, ao wanatazama matangazo. Sehemu kubwa ya mapato inatoka kwa watu wachache wanaolipa sana. Kwa hiyo kila mchezo wa namna hii unatengenezwa kwanza kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kuvumilia kungoja, na watoto wengi wako katika kundi hilo.

Sheria zaanza kuingilia

Wazazi wa Marekani waliona matokeo mapema. Mwezi wa Januari 2014, Apple ilikubaliana na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara kurudisha angalau dola milioni 32,5 kwa watu ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya michezo bila ruhusa. Mzazi alikuwa akiandika neno lake la siri mara moja, na kwa dakika 15 zilizofuata mtoto aliweza kuendelea kununua bila kuulizwa kitu. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, Google nayo ilikubali kurudisha angalau dola milioni 19.

Kisha ikaja mambo ya masanduku ya bahati, ndugu za zile kristali. Mwezi wa Novemba 2017, mchezo mwingine wenye jina la filme, Star Wars Battlefront II, uliwasha moto. Huu si wa telefone, unachezwa kwenye kompyuta na mashine za nyumbani, na wanunuzi walikuwa wamelipa bei kamili. Walipoona kwamba masanduku ya kununua yangewapa wengine nguvu zaidi, walipiga kelele mpaka Electronic Arts ikasimamisha ununuzi huo kabla ya siku ya kutolewa. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilifungua uchunguzi. Mwezi wa Aprili 2018 ilisema kwamba masanduku ya michezo mitatu mikubwa, kati yayo FIFA 18, yanavunja sheria ya kamari ya inchi hiyo. Apple, tangu Desemba 2017, inadai kila mchezo wenye masanduku ya namna hiyo uonyeshe uwezekano wa kupata kila kitu kilicho ndani.

Mchezo unapofungwa

Kuna jambo lingine ambalo wachezaji wengi wanaligundua wakiwa wamechelewa. Kaseti ya Atari ilikuwa mali ya mnunuzi. Shujaa wa telefone anaishi katika kompyuta za kampuni, mbali, na mchezaji anapewa ruhusa tu ya kumtumia. Masharti hayo yameandikwa katika maandishi marefu ambayo watu wengi wanayakubali bila kuyasoma.

Avengers Alliance ilifungwa tarehe 30 Septemba 2016. Watu waliokuwa wamekusanya mashujaa kwa zaidi ya miaka minne walibaki na picha walizokuwa wamezihifadhi. Harry Potter: Wizards Unite, ya kampuni Niantic iliyofanya Pokémon Go, ilitoka mwezi wa Juni 2019 ikiwa na jina kubwa nyuma yake. Iliwataka watu watembee barabarani kutafuta vitu vya kichawi kwenye kioo cha telefone. Iliondolewa katika maduka tarehe 6 Desemba 2021 na kuzimwa tarehe 31 Januari 2022. Haikumaliza hata miaka mitatu. Sarafu za dhahabu zilizonunuliwa humo hazikuwa na mahali pengine pa kutumika.

Kwa michezo ya filme hatari hiyo ni kubwa zaidi. Majina, sura na muziki ni mali ya studio ya filme. Mkataba ukiisha, ao studio ikibadilisha mpango, mtengenezaji hawezi kuendelea peke yake hata kama wachezaji bado wapo.

Malalamiko hayo yameanza kusikika. Sheria ya California iliyotiwa sahihi mwezi wa Septemba 2024 inawalazimisha wauzaji wa bidhaa za kidijitali kusema wazi kwamba mteja anapewa ruhusa ya kutumia tu, kama hamiliki kitu. Huko Ulaya, kampeni inayoitwa Stop Killing Games ilipita saini milioni 1 mwezi wa Julai 2025. Inaomba kampuni ziache michezo iliyouzwa ikiwa bado inaweza kuchezwa baada ya kufungwa.

Hapa kwetu

Mkaaji wa Bukavu, Lubumbashi ao Kisangani asiyekuwa na kadi ya benki anaweza kufikiri kwamba mambo haya hayamuhusu. Lakini bei ya kwanza anailipa kwa mega. Mingi kati ya michezo hiyo inapakua mamia ya mega tangu siku ya kwanza, inaongeza mengine kila filme mpya inapotoka, na haifunguki bila intaneti. Matangazo ya video yanayompa mtoto nguvu za bure yanakula mega za mzazi aliyezinunua kwa ajili ya kazi ao ya WhatsApp. Na ndugu aliyeko Ulaya ao Marekani, ambaye telefone yake imeunganishwa na kadi, anaweza kuona deni ambalo watoto wamefanya wakati wa likizo.

Kuna hatua rahisi. Kwenye ukurasa wa kila mchezo katika Google Play, chini ya jina, imeandikwa kama una matangazo na kama kuna vitu vya kununua ndani. Ukubwa wake pia unaonyeshwa. Katika mipangilio ya duka hilo, mzazi anaweza kuagiza neno la siri liombwe kwa kila ununuzi. Mchezo unaokubali kuchezwa intaneti ikiwa imezimwa hauwezi kuleta matangazo mapya wakati huo wala kuuza kitu.

Michezo hii ina furaha yake pia. Mtoto ambaye familia yake haitanunua kamwe mashine ya PlayStation anaweza kukimbia na Minion kwenye telefone ya dada yake, na kijana anaweza kumaliza hadithi nzima ya Hogwarts bila kutoa franka moja kama ana subira. Subira ndiyo kitu ambacho michezo hiyo inajaribu kumnunulisha. Mtoto anayejua hilo mapema, kwa kuelezwa na mtu mzima aliyekaa karibu naye, anaweza kuona kitufe cha kulipa kinawaka na kuweka telefone chini mpaka kesho.