Jinsi Mbegu ya Fahali Inavyotayarishwa Kukutana na Yai Katika Chombo

Wasomaji wetu wa Kilwa wanajua ya kuwa zamani ng'ombe walikuwa haba sana huku, kwa sababu ya mbung'o. Lakini tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu, baadhi yao walihamia pande hizi pamoja na makundi yao. Basi habari za mbegu za ng'ombe si za watu wa Arusha peke yao. Zatuhusu na sisi.

Wengi wamekwisha kusikia juu ya uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mimba kwa mrija pasipo fahali. Katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, mbegu hutiwa katika mirija myembamba na kugandishwa kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Iko na njia nyingine: mayai hutolewa katika ng'ombe, nayo mbegu huyakuta katika chombo. Ndama wa kwanza wa namna hii alizaliwa Marekani mwaka 1981.

Labda mtu atadhani ya kuwa kazi ni kumimina mbegu juu ya mayai, basi. Sivyo. Mwaka 1951 wataalamu wawili, Chang wa Marekani na Austin wa Australia, kila mmoja mbali na mwenziwe, walionyesha ya kuwa mbegu ikitoka kwa dume haiwezi kuliingia yai mara moja; sharti ikae kwanza kitambo katika mwili wa jike, ndipo ipate uwezo. Kwa hiyo afanyaye kazi hii nje ya mwili hana budi kuuiga mwili.

Kwanza mrija huyeyushwa katika maji ya nyuzi 37. Kisha mbegu huoshwa, ili kuondoa gliseroli na kiini cha yai la kuku, vitu vilivyozilinda katika baridi lakini sasa ni kizuizi. Wengine huziweka juu ya maji mazito na kuzizungusha kwa mashine. Zenye nguvu hupenya hata chini, zilizokufa hukwama juu. Wengine huziweka chini ya maji safi na kuchukua zile zinazopanda zenyewe. Hii watu wa pwani wataifahamu upesi: ajuaye kuogelea huonekana majini.

Halafu hutiwa heparini, dawa ile ile izuiayo damu isigande, nayo huipa mbegu uwezo tuliotaja. Ndipo mbegu huwekwa pamoja na mayai kwa saa 18 au zaidi, katika joto la mwili wa ng'ombe, karibu nyuzi 39. Mbegu zikizidi, mbili au tatu huingia yai moja, nalo huharibika. Tena fahali hawafanani. Kipimo kimfaacho huyu chaweza kumkataa yule.

Lakini hakuna dawa ifufuayo mbegu iliyokufa njiani. Mtungi ukikauka kabla ya kufika Kilwa Masoko, mrija hauna kitu, na mwenye ng'ombe hungoja siku 21 hivi mpaka ng'ombe wake atake dume tena. Basi mhimilishaji ajapo, mwombeni kwanza aufungue mtungi, mwone kama naitrojeni ingalimo.