Tetemeko la Kagera na nyumba za milimani Mwanza

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya Idd el Hajj, ardhi ya Kagera ilitikisika. Kitovu kilikuwa upande wa Nsunga, wilayani Missenyi, kiasi cha kilomita 40 chini ya ardhi, na ukubwa wake ulikuwa 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka kuta. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Familia nyingi zililala nje, zikiogopa mitetemo midogo iliyofuata.

Mtikisiko huo ulivuka ziwa hadi Mwanza. Wengi tuliamini kwamba jiji lililosimama juu ya miamba halina cha kuogopa, na ni kweli miamba hii ni mikongwe, umri wake ni zaidi ya miaka bilioni mbili. Lakini mwamba mgumu wa kale hausafirishi mtikisiko kama udongo tifutifu. Huupitisha mbali bila kuupunguza sana, ndiyo maana tetemeko la magharibi linafika kwetu.

Na magharibi hakujatulia. Bonde la Ufa limegawanyika mikono miwili, na Ziwa Victoria limekaa katikati. Ziwa lenyewe ni zao la nguvu hizo: kama miaka 400,000 iliyopita ardhi ya magharibi iliinuka, mito ya Kagera na Katonga iliyokuwa ikielekea huko ikazuiwa, maji yakatuama. Mkono wa magharibi bado unapanuka. Desemba 1910, enzi za Wajerumani, Rukwa ilipigwa na tetemeko la 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki. Machi 20, 1966 ikawa zamu ya Toro, Uganda, ambako zaidi ya watu 100 walikufa. Desemba 5, 2005 lilitokea la 6.8 Ziwa Tanganyika, likaangusha nyumba Kalemie, Kongo. Kila namba moja inayoongezeka katika kipimo huongeza nguvu karibu mara 32, kwa hiyo la Kagera lilikuwa dogo mbele ya hayo.

Lilitosha kuua kwa sababu ya kuta. Ukuta wa matofali ya udongo yaliyoshikwa kwa tope hubeba bati vizuri miaka mingi, ila ukisukumwa kwa ubavu hauna kinachoushikilia. Ufa huanzia kwenye kona ya dirisha, ukapanda mshazari hadi chini ya paa, kisha kona ya nyumba ikaachana. Haiti, Januari 2010, tetemeko la 7.0 liliua watu zaidi ya 100,000. Chile, mwezi uliofuata, lilitokea la 8.8, kubwa kupita kiasi, na waliokufa walikuwa mia kadhaa, maana huko sheria za ujenzi zinasimamiwa.

Hapa kwetu mafundi wanaijua dawa: lenta ya zege yenye nondo, inayozunguka nyumba nzima, si vipande vya juu ya mlango na dirisha tu. Ndicho kitu cha kwanza mwenye nyumba anachokata fedha zikipungua, na simlaumu anayejenga kwa mkopo wa kikoba. Namlaumu zaidi anayepitisha ramani bila kwenda kuona kinachojengwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni milima. Mabatini, Igogo, Isamilo, watu wamejenga kati ya mawe makubwa kuliko nyumba zao. Mengine yamekaa juu ya mawe madogo, mengine chini yamechimbwa ili kupata kiwanja au kupasua kokoto, na mvua inaendelea kula udongo uliobaki. Jiwe la namna hiyo halihitaji tetemeko la Rukwa. Wataalamu wa jiolojia wanaweza kuyakagua, yale mabaya yakafungwa au kupasuliwa kwa utaratibu, na wanaoishi chini yake wakapewa viwanja kwingine. Kazi hiyo ianzie kwa wenyeviti wa mitaa, maana wao na majirani wanayajua mawe yanayotisha, moja baada ya jingine.