Ahadi ya Malipo si Pesa Mkononi: Jinsi ya Kupima Uwezo wa Kampuni ya Kutafuta Madini

Tangu kampuni ya Base Titanium ilipositisha uchimbaji Desemba 2024, wakazi wengi wa Kwale wamekuwa wakiuliza ni nani atakayefuata. Mlima Mrima, wenye niobi na madini adimu, ni miongoni mwa maeneo ambayo yamewavutia wawekezaji kwa miaka mingi. Kampuni inapofika barazani, swali la kwanza huwa: mtatupa nini? Lipo swali linalopaswa kutangulia: je, kampuni hii ina pesa za kumaliza kazi inayotaka kuianza?

Kampuni ya kutafuta madini si sawa na kampuni ya kuchimba. Haina madini ya kuuza, hivyo aghalabu hutegemea pesa za wenye hisa, mikopo au mauzo ya mali yake. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, asilimia 70 ya mrabaha huenda kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo husika. Lakini mrabaha hulipwa madini yanapouzwa, na mkataba wa maendeleo ya jamii huhusu leseni ya uchimbaji mkubwa. Katika hatua ya utafutaji, mkazi hutegemea fidia ya mazao yaliyoharibiwa, mishahara ya vibarua, malipo ya waliouza bidhaa kwa mkopo na kufukiwa kwa mashimo. Sheria hutaka dhamana ya kulinda mazingira, lakini dhamana hiyo haimlipi mama aliyepikia wafanyakazi.

Hati ya ahadi ni nini?

Katika mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, huenda ukakuta kiasi kikubwa chini ya hati za ahadi ya malipo. Hizi ni pesa ambazo mtu au kampuni nyingine imeahidi kwa maandishi kulipa, kwa kiasi na tarehe iliyotajwa, mara nyingi pamoja na riba. Ni tofauti na deni la kawaida katika daftari la duka, kwani hati imetiwa saini na inaweza kupelekwa mahakamani.

Kampuni za utafutaji hupata hati hizi kwa njia kadhaa. Inaweza kuuza mtambo au hisa zake katika mradi, ikapokea sehemu ya pesa taslimu na sehemu iliyobaki ikaandikiwa hati. Pia inaweza kuikopesha kampuni dada au mshirika wake. Hakuna kosa hapo. Hati kutoka kwa mdaiwa imara, yenye dhamana ya benki, ni mali ya kweli. Tatizo ni kuihesabu kama pesa iliyo tayari.

Mfano wa hesabu

Chukulia kampuni ya kubuni yenye mali ya Sh100 milioni. Ukiifungua orodha, unakuta Sh60 milioni ni hati ya ahadi, Sh30 milioni ni gharama za utafutaji zilizoandikwa kama mali, Sh4 milioni ni mitambo, na Sh6 milioni ziko benki. Kila mwezi kampuni hutumia Sh2 milioni.

Ikiwa hakuna pesa nyingine zinazoingia, zile za benki zitakwisha baada ya miezi mitatu. Hati yenyewe italipwa baada ya miezi 18. Kwa miezi 15 iliyo katikati, kampuni yenye mali ya Sh100 milioni kwenye karatasi inaweza kushindwa kumlipa kibarua. Na mdaiwa asipolipa, mali hiyo hushuka hadi Sh40 milioni.

Maswali ya kuuliza

• Nani anadaiwa? Ikiwa ni mkurugenzi au kampuni dada, ni nani atakayemshtaki akikosa kulipa?

• Analipa lini? Kinachotarajiwa ndani ya miezi 12 huorodheshwa kando na cha baadaye. Angalia pia ikiwa tarehe imeshasogezwa mbele.

• Kuna dhamana gani? Kama dhamana ni hisa za kampuni nyingine ambayo haijapata madini, basi ni ahadi juu ya ahadi.

• Riba inalipwa kweli? Riba inaweza kuandikwa kama mapato kabla haijapokewa. Linganisha na taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonyesha pesa zilizoingia hasa.

• Kampuni imetenga kiasi gani kwa hasara? Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyotumika nchini huitaka ikadirie tangu mwanzo sehemu ya deni ambayo huenda isilipwe.

• Wakaguzi wa hesabu wamesema nini? Wakitaja shaka kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli, aya hiyo isomwe barazani.

Taarifa zinapatikana wapi?

Kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa, yakiwemo ya London, Toronto na Australia, huchapisha ripoti za mwaka bila malipo. Maelezo ya hati hizi huwa katika kurasa za nyuma, baada ya mizania. Kwa kampuni ya binafsi, wakazi wanaweza kuomba nakala ya hesabu zilizokaguliwa kabla ya kutia saini makubaliano yoyote ya ardhi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 pia inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka kwa ofisi za umma, ambazo zinapaswa kuamua ombi ndani ya siku 21.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kabla ya kukubali kuwa mdai mwingine wa kampuni, mkazi ana haki ya kujua ni nani aliye na deni lake.